Kustaafu, taarifa ya habari na daftari: jibu kwa mdogo wangu anayestaafu mwaka huu

Mdogo wangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeeleza kwamba unafikisha miaka 60 mwaka huu na kwamba ajira yako yote umeitumikia halmashauri. Umesema pia hofu yako haiko kwenye mafao tu. Unaogopa kuwa kama baba yako mdogo, ambaye tangu astaafu anashinda na redio na simu, anagombana na kila taarifa ya habari, na usiku halali. Ukauliza mambo mawili: je, mstaafu aachane na habari? Na je, kuna faida gani mtumishi wa kawaida, asiyekuwa waziri wala balozi, kuandika aliyoyaona kazini?

Mimi nilistaafu 2014 kwa umri wa lazima. Nilianzia masijala, yaani ofisi ya kutunza majalada na barua, nikawa katibu tarafa, nikamalizia afisa tawala. Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu naamini habari humuumiza mstaafu pale anapobaki msikilizaji wa mambo anayoyajua kwa ndani. Akianza kuandika, habari zile zile zinampa kazi.

Elewa kwanza kinachobadilika. Ukiwa kazini, taarifa ya habari ni sehemu ya kazi yako. Waziri akitamka jambo saa mbili usiku, unajua waraka uko njiani, unajua nani ataitwa kikaoni na fedha zitatafutwa fungu gani. Ukishakabidhi ofisi, tamko kama lile lile linakukuta sebuleni na huna la kulifanyia. Hakuna jalada la kufungua wala afisa wa kumpigia simu. Watoto wanaona baba anafokea televisheni, wanasema uzee umemwingia. Mimi sikubali. Mzee yule anajua kwa nini agizo lile litakwama, anajua litakwama hatua gani, na hana wa kumwambia. Ukikaa na baba yako mdogo, usimwambie azime redio. Muulize, "Baba, enzi zenu jambo hili mlilifanyaje?" Halafu tulia umsikilize.

Kuna na jambo la kipimo. Kizazi chetu habari kilizipata kwa saa maalumu. Tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, tulikuwa na Uhuru na Daily News, na huku mikoani gazeti lilifika limeshachelewa. Televisheni Tanzania Bara tumeiona miaka ya 1990, ITV ilipoanza 1994. Taarifa ikisomwa imesomwa, yanafuata matangazo ya vifo, watu wanarudi kwenye shughuli zao. Leo simu haina saa. Mtu wa umri wetu kuamka saa nane za usiku kwenda haja ndogo ni kawaida, lakini akiishika simu wakati huo usingizi ndiyo umekwenda. Nyumbani kwangu simu inalala sebuleni, na habari nazisikiliza mara mbili kwa siku, mchana na saa mbili usiku. Hilo nakushauri ulianze kabla hujakabidhi ofisi, maana likishazoeleka huku nje ni vigumu kulibadilisha.

Lakini kuacha habari kabisa, hapana. Angalia suala la kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na kanuni mpya zikaleta mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja unapostaafu, wa asilimia 25. Kelele zikawa kubwa, Rais Magufuli akasitisha kanuni zile Desemba mwaka ule ule. Kuanzia Julai 2022 ikaja asilimia 33, na Juni 2024 serikali ikatangaza bungeni asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50. Hayo ni maisha ya watu. Mstaafu mtarajiwa asiyefuatilia anaweza kukopa kwa hesabu ya mkupuo ambao hautakuja, na nimewaona waliofanya hivyo.

Na katikati ya tarehe hizo zilipita barua za uongo nyingi kuliko za kweli. Hapa ndipo mtumishi mstaafu anahitajika mtaani kwake kuliko anavyodhani. Wewe barua ya serikali umeishika maisha yako yote. Mtu akikuletea kwenye simu "waraka" wa nyongeza ya pensheni, usianze na habari njema iliyomo. Anza juu. Je, ina Kumb. Na., yaani namba ya kumbukumbu, na mtiririko wa herufi na namba unaendana na ofisi inayodaiwa kuandika? Tarehe ipo? Anwani ni ya wapi? Tangu wizara zihamie Dodoma, barua ya juzi yenye anwani ya zamani ya Dar es Salaam inataka kuulizwa mara mbili. Shuka kwenye Yah:, yaani mada ya barua, kisha chini kabisa: jina la aliyesaini, cheo chake, na cheo hicho kipo kwenye muundo wa wizara ile au kimetungwa? Nakala zimepelekwa kwa nani? Waraka unaogusa pensheni ambao haumtaji mlipaji popote una walakini. Na serikali haimwambii mtu asambaze barua kwa jamaa zake. Jirani zangu wazee sasa huniletea simu zao kabla ya kwenda benki kupanga foleni, na kuna waliookoa nauli na kuna waliookoa akiba nzima. Kazi hiyo haina mshahara, lakini ni utumishi wa umma kamili.

Sasa tuje kwenye kuandika, ambako nina mengi.

Unajua kwamba kila afisa akiondoka kituoni huandika taarifa ya makabidhiano. Inaorodhesha funguo, magari, majalada yaliyo wazi, madeni, kesi zilizoko mahakamani. Tunasaini wawili, shahidi anasaini, basi. Yale uliyoyajifunza kwa miaka yote hayamo. Hayana fomu. Kitabu cha mstaafu nakiona kama sehemu ya makabidhiano ambayo fomu haikuwa na nafasi yake.

Nikupe mfano wa kwangu. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, yakaja madaraka mikoani, wilaya zikaendeshwa na serikali kuu kupitia mikoa. Sheria za 1982 zikazirudisha na halmashauri zikaanza tena kazi 1984. Hayo utayapata maktaba yoyote yenye magazeti ya wakati ule au vitabu vya sheria. Lakini nani ameandika jinsi wilaya moja ilivyogawana ofisi? Mimi nilikuwa masijala. Tulipewa kazi ya kupitia rafu kwa rafu kuamua jalada lipi linabaki serikali kuu na lipi linakwenda halmashauri. Shule za msingi na zahanati hazikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye barabara, ambako jalada moja lilibeba barabara za pande zote mbili, na kwenye ardhi ya vijiji. Jalada la namna hiyo halikatwi katikati. Tulinakili kwa taipu barua muhimu, tukaandika kwenye ukurasa wa madokezo, ambako karatasi za jalada huitwa folio, "Folio 12 hadi 31 zimenakiliwa, asili zimebaki hapa," na karani mwandamizi akasaini. Mashine za taipu zenyewe zilikuwa chache, na zile zenye utepe mzima kila upande ulizitaka. Miaka mingi baadaye, mgogoro wa mpaka kati ya vijiji viwili ulipofufuka, kilichotafutwa ni dokezo lile. Kijana aliyekuwa masijala hakujua kwa nini barua za kijiji chake zilikuwa nakala za taipu na asili ziko ofisi nyingine. Angekuwa na kurasa mbili za maelezo ya mtu aliyekuwepo, mgogoro ule usingezunguka ulivyozunguka.

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Mawaziri na mabalozi wataandika walivyoamua. Jinsi uamuzi ulivyoshuka mpaka kwa mwananchi, uliposhika na ulipopotea njiani, anajua karani, bwana shamba, mganga wa zahanati, katibu tarafa. Tusipoandika sisi, watoto wetu watabaki na hotuba tu. Wala kuandika si jambo geni kwa makarani wa nchi hii. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kuanzia miaka ya 1920: forodha, baadaye idara ya wanyamapori, baadaye upimaji pale Tanga. Alikuwa na saa za ofisi kama zetu, na bado aliandika.

Namna ya kuanza: usianze na kuzaliwa. Wengi wanaanza na kijiji, babu, shule ya msingi, wanachoka kabla hawajafika kazini. Anza na jalada. Chagua jambo moja ulilolishughulikia mwanzo hadi mwisho, ujenzi wa kisima, kipindupindu, njaa ya mwaka fulani, kuhamisha soko, na uliandike kama ungemweleza afisa mpya anayepokea kiti chako. Lilianzaje, nani alileta malalamiko, mlikwenda kuona nini, fedha zilitoka wapi, nani alikataa na alikuwa na sababu gani, mwishowe ikawaje. Ukimaliza hilo, la pili litajitokeza lenyewe.

Jihadhari na lugha tuliyofundishwa. Barua zetu zimejaa "imeonekana" na "imeamuliwa" na "tafadhali husika na somo tajwa hapo juu". Ofisini ilikuwa sawa, kwa sababu ofisi ndiyo inayosema. Kwenye daftari lako andika "niliona", "mkuu wangu aliamua", "tulibishana mpaka saa tisa". Msomaji anataka kumjua aliyekuwa chumbani. Mimi hili lilinichukua muda kulizoea, na ninaloliamini sasa ni kwamba ukurasa mmoja wenye watu ndani yake unamfaa mjukuu kuliko ripoti nzima ya robo mwaka.

Kuhusu kumbukumbu usiogope. Majina ya watu uliokutana nao mwezi uliopita yatakuponyoka, lakini mambo ya ujana na miaka ya kwanza ya kazi hukaa. Wataalamu wa kumbukumbu wameliona hilo kwa wazee wa nchi nyingi: miaka ya umri wa kati ya 10 na 30 ndiyo inayobaki na picha nyingi zaidi. Tumia habari za taifa kama vigingi. Ukitaka kujua jambo lako lilikuwa mwaka gani, jiulize lilikuwa kabla au baada ya vita vya Kagera, kabla au baada ya kifo cha Waziri Mkuu Sokoine kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, kabla au baada ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996. Nilikuwa Morogoro wakati wa kifo cha Sokoine, na ajali ilitokea mkoani kwetu, pale Dakawa. Nikiikumbuka jioni ile, naikumbuka na orodha ya mbegu niliyokuwa nimeiacha mezani, na kutokana na orodha hiyo nimeweza kupanga upya mambo ya msimu mzima wa kilimo. Kumbe habari za zamani nazo zina kazi.

Macho yatasumbua. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho huanza kukakamaa, ndiyo maana tunasogeza gazeti mbali. Kapime, upate miwani ya kusomea ya namba yako, usinunue ya barabarani, na umwombe daktari aangalie presha ya jicho na mtoto wa jicho. Simu ongeza ukubwa wa maandishi. Asubuhi mapema ndiyo saa nzuri: mwanga upo, dawa za presha umeshakunywa, nyumba imetulia. Mimi naandika kwa mkono kwenye daftari kubwa, mjukuu anachapa Jumamosi, na maswali anayoniuliza akichapa ndiyo yanayonionyesha nilipoandika kwa giza.

La mwisho ni la mipaka, na hapa naomba unisikilize vizuri. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haikomi siku unayostaafu. Jambo lililopita masijala ya siri liache huko. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imefungua mengi, lakini mlango wake ni wa kuomba kwa ofisi husika, haikupi ruhusa ya kubeba majalada nyumbani. Na hata yasiyo siri yana watu. Miaka ya 1990, serikali ilipopunguza watumishi, barua nyingi zilipita mikononi mwangu, nyingine za watu niliokula nao mchana. Nimeandika jinsi zoezi lilivyoendeshwa, vigezo vilivyotumika na jinsi watu walivyopokea. Majina yao sikuyaandika, wala yale yaliyokuwa kwenye majalada binafsi. Wana watoto, na watoto wao wanasoma.

Ukimaliza sura mbili tatu, toa nakala. Moja ibaki nyumbani kwa mtoto anayetunza vitu, nyingine ipeleke maktaba ya mkoa wako, na uwaulize Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kama watapenda kuipokea. Usisubiri kitabu kikamilike. Na kabla hujakabidhi ofisi, ukiwa bado una ruhusa ya kuingia, kaa na yule aliyekaa masijala yenu muda mrefu kuliko wote, umuulize majalada ya zamani yaliwahi kuhamishwa lini na kwa nini. Hilo liandike la kwanza.