Maswali ya Wasomaji: Mishale ya Dashibodi na Nyaya za Magari ya Zamani

SWALI: Ndugu mjibu maswali, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Raskazone, hapa Tanga. Nimerithi kutoka kwa marehemu baba Land Rover Series III ya petroli, ambayo aliitumia alipokuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Injini ni nzima, lakini geji zinanidanganya. Tangi likiwa nusu, mshale husema limekaribia kujaa, na nikitoka nyumbani hadi Ngamiani tu, mshale wa joto hukaribia eneo jekundu ilhali rejeta haichemki wala maji hayapungui. Usiku nikisimama na kuwasha taa kubwa, mishale yote miwili hushuka kidogo. Fundi amebadilisha sensa ya tangi, kisha sensa ya joto, na sasa anataka niagize geji zote mbili kutoka Uingereza. Je, nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Usiagize kitu kwanza. Sensa ya tangi imezama kwenye petroli na sensa ya joto imefungwa kwenye injini, nazo hazijuani hata kidogo. Zikianza kudanganya siku moja na kwa namna moja, hiyo ni dalili kwamba ugonjwa uko mahali ambapo njia zao mbili zinakutana, nako ni kwenye umeme unaozilisha geji. Habari ya taa kubwa, ambayo naona umeiandika kama jambo dogo, kwangu ndiyo ushahidi mkubwa kuliko yote, kama nitakavyoeleza.

Geji za gari lako hufanya kazi kwa joto. Ndani ya kila moja mna utepe wa metali mbili zilizoambatanishwa, uliozungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya hupata moto, metali moja hutanuka kuliko nyenzake, utepe hupinda, na kupinda huko ndiko kunakousukuma mshale. Ndiyo maana mshale wa magari haya hupanda taratibu kama mzee anayepanda ngazi. Sasa, umeme wa gari hautulii: injini ikiwa imezimwa, betri hutoa volti 12 na kidogo, na alternata ikichaji vizuri volti hupita 14. Geji ikipewa umeme huo moja kwa moja, itakuwa inapima hali ya alternata na kuacha kupima mafuta. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka nyuma ya dashibodi kikopo kidogo kiitwacho stebilaiza ya volti, ambacho hukata na kurudisha umeme mara kwa mara ili wastani unaozifikia geji uwe volti 10. Taa zako kubwa zikiwaka wakati injini inazunguka polepole, volti za gari hushuka, na mishale nayo ikashuka. Kama stebilaiza ingekuwa inafanya kazi yake, mishale isingejua kama umewasha taa au hukuwasha.

Mara nyingi stebilaiza yenyewe haijafa, bali imepoteza athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi na chasisi. Ndani yake mna utepe kama ule wa geji, na utepe huo hauwezi kupata joto na kufungua mguso wake, yaani ncha zinazokata na kurudisha umeme, bila athi. Athi ikikosekana, mguso hubaki umefungwa siku zote, na volti zote za gari hupita kwenda kwenye geji. Hapa Tanga jambo hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Bodi ya Land Rover ni ya alumini na chasisi yake ni ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa, na kati yao huota unga mweupe ambao haupitishi umeme. Gari linalolala Raskazone, ambako upepo wa bahari unaingia hadi chumbani, haliwezi kukwepa jambo hilo.

Pima hivi. Chukua taa ndogo ya kupimia, ushike ncha moja kwenye bodi iliyokwanguliwa ikang'aa, na ncha ya pili uiguse kwenye mguu wa stebilaiza wenye waya wa kijani kibichi chepesi unaokwenda kwenye geji. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha subiri nusu dakika. Taa ikipepesa, stebilaiza ni nzima. Ikiwaka mfululizo, vuta waya wa muda kutoka kwenye mwili wa kikopo hadi kwenye ncha hasi ya betri. Ikianza kupepesa baada ya hapo, umemaliza kazi: fungua skrubu inayokishikilia kikopo, piga msasa pande zote mbili hadi metali ing'ae, paka vaselini, ukaze, na ikiwezekana ongeza waya mweusi wa kudumu hadi kwenye chasisi. Mita ya namba haifai sana kwa kipimo hiki, kwa kuwa namba zitarukaruka na kukuchanganya.

Kama taa itaendelea kuwaka mfululizo hata baada ya kuvuta athi, miguso ya ndani imegandana na kikopo kinahitaji kubadilishwa. Fundi wa redio anaweza pia kukuwekea kipande cha kielektroniki cha namba 7810, kinachotoa volti 10 zilizotulia, alimradi akifunge kwenye bati la kupunguza joto. Kipande hicho ni kwa magari ambayo athi yake ni upande wa hasi, kama lako.

Kuna jambo moja nitakalomwomba fundi wako, kwa heshima. Kama sensa za zamani hazijatupwa, azirudishe. Sensa nyingi mpya zinazouzwa kwa bei rahisi hazina ukinzani uleule wa zile za awali, na geji ikishapata volti sahihi, utaanza kuona makosa mengine. Sensa ya tangi ya mfumo huu huwa na zaidi ya omu 200 tangi likiwa tupu, na hushuka hadi makumi machache tangi likijaa. Ipime ikiwa nje, ukiinua boya kwa mkono. Wala asiunganishe geji moja kwa moja na betri ili kuijaribu, kwa maana waya wa ndani ni mwembamba na utaungua. Na kabla ya kuigusa sensa ya tangi ang'oe kwanza waya hasi wa betri, kwa sababu cheche ndogo juu ya mvuke wa petroli haisamehe.

Nami sisemi haya kama mtu ambaye hakuwahi kukosea. Miaka mingi iliyopita nilimbadilishia jirani sensa mbili na geji moja kabla sijafikiria kuangalia nyuma ya dashibodi. Gharama nilizirudisha mwenyewe, kwa awamu.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Pangani, nina Morris Minor 1000. Nyaya zake zina nguo na mpira, na mpira huo unavunjika kama mkate mkavu. Fundi ameshauri ang'oe nyaya zote na kuweka za gari jingine lililopata ajali, tena anasema rangi si kitu. Je, ni sawa?

JIBU: Mwalimu, kubadilisha nyaya hizo ni lazima, kwa sababu mpira ukishafikia hali hiyo shoti ni suala la siku. Kuhusu rangi, fundi wako amekosea. Magari ya Uingereza ya wakati ule yalifuata utaratibu mmoja: kahawia ni umeme wa betri usiopita kwenye fyuzi, nyeupe ni umeme unaotoka kwenye swichi ya kuwashia, kijani ni ule wa swichi uliokwisha kupita kwenye fyuzi, buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, na nyeusi ni athi. Anayeuelewa utaratibu huo anaweza kutafuta hitilafu usiku kwenye barabara ya Pangani kwa tochi ya simu. Anayeweka nyaya za rangi moja anamwachia fundi wa kesho kazi ya kubahatisha.

Msing'oe zote kwa siku moja. Fanyeni njia moja baada ya nyingine, taa za nyuma leo, honi kesho, na kila waya wa zamani utoke wakati mpya uko mezani tayari na karatasi yenye jina lake imefungwa kwenye ncha zote mbili. Unene ni muhimu kuliko sura: ukiweka balbu za wati 55 kila upande, taa kubwa zitavuta zaidi ya ampia 9, na waya mwembamba wa redio hautavumilia. Hapo ningeongeza rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ili mzigo usipite kwenye swichi ya zamani.

Fyuzi nayo ina mtego. Fyuzi ya kioo ya wakati ule iliyoandikwa 35 maana yake ilikuwa ampia ambazo zingeikata, na mzigo wa kudumu ulikuwa karibu nusu yake, yaani ampia 17. Fyuzi nyingi za sasa zilizoandikwa 35 hubeba ampia 35 bila kukatika. Ukiweka hiyo, waya utayeyuka kabla fyuzi haijashtuka. Weka ya 15 au 20. Mwisho, angalia betri: Morris nyingi zilitoka kiwandani athi ikiwa upande wa chanya, na redio au chaja ya simu ikifungwa bila kujua hilo huungua papo hapo.

SWALI: Mshale wa spidi wa Peugeot 404 yangu hutikisika chini ya kilomita 40 kwa saa, kisha hutulia. Je, geji imekufa? Msomaji wa Chumbageni.

JIBU: Tazama kwanza kebo. Ichomoe, iviringishe sakafuni kuona kama imepinda, ifute, na uipake grisi kidogo kwenye theluthi mbili za chini tu. Grisi ikiwa nyingi upande wa juu hupanda na kuingia kwenye geji, na hapo ndipo utakapohitaji mpya. Hakikisha pia kebo haijakunjwa kwa pembe kali inapopita kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva.