Kabla ya sindano ya ganzi, kidole kipimwe kwanza

Kidole kikikatwa na kisu, bati au kioo upande wa kiganja, watu huangalia mambo mawili tu: damu imesita? Kidole kinakunjika? Yote mawili yakiwa sawa, jeraha hushonwa, bendeji hufungwa, na mgonjwa hurudi nyumbani akishukuru Mungu. Hakuna aliyeuliza kama ncha ya kidole bado inahisi.

Kukunjika hakuthibitishi lolote kuhusu hisia. Misuli inayokunja kidole haimo ndani ya kidole, iko kiganjani na kwenye kigasha, na kidole chenyewe huvutwa na kano. Mishipa ya fahamu ya kidole ni mingine kabisa. Miwili mikubwa hupita upande wa kiganja, mmoja kila ubavu, na kazi yake ni kuhisi. Inaweza kukatika moja kwa moja na kidole kikaendelea kukunjika vizuri mbele ya macho ya daktari.

Mimi nashona kofia hapa Wete, Pemba. Bilauri ilinipasukia mkononi nikiiosha, ikanikata kwenye shina la kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Damu ilikuwa ikiruka kwa mapigo. Nilikopelekwa kwanza nilisafishwa vizuri, nikachomwa sindano ya pepopunda, nikashonwa, na jeraha likapona bila usaha. Ila ubavu mmoja wa ncha ya kidole ulibaki umekufa ganzi, na kila niliyemuuliza aliniambia ni uvimbe, utaondoka. Asiyejua kazi yetu hudhani kofia inashonwa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ndio unaokaa chini ya kitambaa, ukiipokea ncha ya sindano na kujua imetokea wapi. Kidole kisichohisi hakiwezi kazi hiyo. Nikavuka bahari hadi Dar es Salaam, na huko ndiko mshipa wangu ulikoungwa.

Daktari aliyenifanyia upasuaji alinifundisha jambo ambalo ningependa kila nyumba ilijue. Katika kidole, mshipa wa fahamu hupita mbele na mshipa wa damu nyuma yake. Chombo kikiingia kutoka upande wa kiganja na damu ikaruka kwa mapigo, maana yake kimeufikia mshipa wa damu, na njiani kuna uwezekano mkubwa kimeupitia ule wa fahamu. Damu ya namna hiyo pekee yatosha kukufanya udai upimwe.

Kipimo hakihitaji mashine. Fumba macho, mtu akuguse taratibu kwa kipande cha pamba, ubavu mmoja wa ncha ya kidole kisha wa pili, halafu kidole kama hicho cha mkono mwengine. Useme unahisi wapi, na kama unahisi sawasawa. Hili lifanywe kabla ya sindano ya ganzi. Ikishachomwa, kila kitu kimekufa ganzi na hakuna tena wa kujua kipi kimekatwa na kioo na kipi kimelazwa na dawa. Mwambie daktari wazi wazi, kwa adabu: "Daktari, nakuomba unipime hisia kwanza." Sijaona anayekasirika kwa ombi hilo.

Kwa mtoto mdogo asiyeweza kujieleza kuna njia nyengine, jeraha likishafunga. Ngozi iliyopoteza mshipa wake wa fahamu haitoi jasho, huwa kavu na laini. Na mkono ukiloweshwa maji ya vuguvugu kwa nusu saa hivi, vidole vizima hujikunja ngozi, kile kilichokatika hubaki laini. Mama anaweza kuliona hilo mwenyewe wakati wa kumkosha mwanawe.

Mshipa uliokatika unatakiwa uungwe mapema, siku za mwanzo, au ndani ya wiki mbili hivi. Ukichelewa, ncha mbili zinarudi nyuma kila moja upande wake, makovu yanajaa katikati, na daktari anaweza kulazimika kuchukua kipande cha mshipa kutoka sehemu nyengine ya mwili ili kuziba pengo. Kwa Pemba anzia hospitali ya Abdalla Mzee au ya Chake Chake, kwa Unguja ya Mnazi Mmoja, na uulize mapema kama unahitaji rufaa kwa anayeshona mishipa ya fahamu, maana kazi hiyo hufanywa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Sasa niseme la umeme, yaani kuupitishia umeme mdogo mshipa uliokwisha kuungwa ili usaidiwe kuota, kwa sababu ndilo ninaloulizwa zaidi, na ndilo nililolisoma sana nilipokuwa nangojea kidole changu kirudi.

Mshipa ukikatika, kipande chote cha kuelekea ncha hufa. Daktari Augustus Waller alieleza jambo hili mwaka 1850. Hata ukishonwa vizuri namna gani, nyuzi za ndani lazima ziote upya kutoka mahali palipokatika, kiasi cha milimita 1 kwa siku. Kutoka shina la kidole hadi ncha ni miezi. Kumbe kabla ya safari hiyo kuna kuchelewa kwengine, pale pale kwenye mshono. Nyuzi hazivuki pamoja. Nyengine huvuka siku za mwanzo, nyengine hutangatanga hapo kwa wiki kadhaa, kama abiria wanaongojana gatini.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Mwaka 2000 mtafiti Tessa Gordon na wenzake walichapisha matokeo ya panya waliokatwa mshipa, ukaungwa, kisha ukapitishiwa umeme mdogo wa mapigo 20 kwa sekunde kwa saa moja tu. Nyuzi zilivuka mshono mapema zaidi. Mwaka 2015 Ming Chan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakatoa matokeo ya watu 36 waliokatika kabisa mishipa ya vidole. Baadhi yao walipitishiwa umeme huo kwa saa moja mara baada ya mshipa kuungwa, na wote wakafuatiliwa kwa miezi 6. Waliopata umeme walirudisha hisia vizuri zaidi, wengi wao kukaribia hali ya kawaida.

Umeme ule husafiri hadi kwenye chembe mama za mshipa, karibu na uti wa mgongo, ukaziamsha zitengeneze kwa wingi protini za kukuza nyuzi. Hauongezi mwendo, milimita ni ile ile. Unachopunguza ni kule kungojana kwenye mshono. Na saa moja inatosha; kwa nyuzi za kuhisi, kuzidisha muda hakukusaidia.

Mimi sikupitishiwa umeme, na hapa Visiwani sijakutana na aliyepitishiwa. Natamani sana madaktari wetu walitazame jambo hili, kwani ni la saa moja na mashine yake si kubwa. Lakini nakuomba usicheleweshe upasuaji kwa kuutafuta umeme. Kuungwa kwa wakati kuna uzito zaidi. Na zile mashine za kubandika kwenye ngozi zinazouzwa kwa ajili ya maumivu si kitu hicho. Utafiti ule ulifanywa na madaktari, umeme ukipitishwa kwenye mshipa wenyewe uliokwisha kuungwa. Mashine ya dukani haiungi ncha mbili zilizoachana.

Mafuta ya karafuu nayo niliambiwa na wengi. Nayapenda, ndiyo dawa ya kwetu, lakini yakiwa makali huunguza ngozi, na kidole kisichohisi hakikwambii kimeungua. Kwa sababu hiyo hiyo jihadhari na kikombe cha chai, jiko la mkaa na chuma cha kukaangia chapati. Shika vitu vya moto kwa mkono mwengine mpaka hisia zirudi.

Dalili za kurudi utazijua. Gongagonga taratibu juu ya njia ya mshipa, utapata mchomo unaokimbilia kwenye ncha, na mahali unapoanzia patasogea mbele kadiri wiki zinavyopita. Baadaye kidole kinaanza kuhisi, lakini kinachanganya vitu, hapo kinahitaji kufundishwa. Mimi nilitia karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, katika bakuli moja, nikawa nachambua kwanza nikiangalia, kisha nimefumba macho, kidogo kidogo kila siku. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakupa njia zake, mfuate.

Na aliyekatika zamani asikate tamaa ya kwenda kuonwa, hasa akiwa na kinundu kwenye kovu kinachouma kila kikiguswa. Mara nyingi hicho ni ncha ya mshipa iliyoota bila kuona njia, na daktari wa upasuaji anaweza kukishughulikia hata kama miaka imepita.