Muziki wa Mandari: Bibi Aitikie, Vijana Wacheze

SWALI: Assalamu alaykum. Sikukuu ijayo ukoo mzima tunatoka Wete kwenda mandari Vumawimbi, na mimi ndiye niliyekabidhiwa muziki, wa muda wa saa tatu kamili. Yumo bibi wa miaka 80, wamo mashangazi wapenzi wa rusharoho (taarabu ya kisasa ya mipasho), wamo vijana wa bongo fleva na watoto. Mara iliyopita niliiachia simu ichanganye nyimbo yenyewe, ikawa kila wimbo ukiingia kuna anayenuna. Nitajieni nyimbo za aina mbalimbali ambazo wote watazifurahia.
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Huenda nyimbo zako zilikuwa nzuri, ila ziliwekwa ovyo. Wimbo mgeni hupokelewa vizuri ukiingia na kitu ambacho sikio limetoka kukisikia: ala ileile, mapigo yanayokaribiana, au sauti ya namna moja. Kwa hiyo usigawe saa kwa umri, wazee mwanzo na vijana mwisho. Ukifanya hivyo utawachosha wote kwa zamu.

Fungua na Bi Kidude, "Muhogo wa Jang'ombe". Siti binti Saad aliuimba kabla yake, basi bibi ataudaka mara moja, na vijana nao wanamjua Bi Kidude. Halafu fuata fidla uende nazo Misri, kwani huko ndiko taarabu yetu ilikotoka enzi za Sayyid Barghash. Chukua "Enta Omri" ya Umm Kulthum, ya mwaka 1964, muziki wa Mohammed Abdel Wahab. Wimbo mzima unakaribia saa moja, kwa hiyo tia ule muziki wa mwanzo tu, na uuzimishe polepole kabla Umm Kulthum hajaanza kuimba. Humo mna gitaa la umeme, na hapo ndipo vijana watakapoinua vichwa.

Rudi nyumbani kwa wimbo mmoja wa Culture Musical Club, kikundi cha taarabu cha Unguja, ambao akodiani yake inasikika wazi. Akodiani hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango wa Bombay: "Awara Hoon", aliyoiimba Mukesh katika filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Waliokwenda sinema zamani hawataacha kuitikia, hata kama Kihindi hawakijui.

Sasa geukia magitaa. "Chan Chan" ya Buena Vista Social Club inakwenda taratibu na haimfukuzi mtu. Santuri za Kuba ziliuzwa sana Afrika tangu miaka ya 1930, na rumba ya Kongo ikapata nguvu kutoka kwao, basi "Indépendance Cha Cha" ya Grand Kallé na African Jazz, ya mwaka 1960, inafuata bila kushtua. Kisha "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ambayo kila mtu ataimba. "Mario" ya Franco ni ndefu mno kwa kusikiliza kitako. Iwekeni wakati wa kupakua pilau. Baada ya chakula, "Pata Pata" ya Miriam Makeba itawainua watoto, na hapo waachie vijana bongo fleva zao, zisizidi nne mfululizo.

Usimsahau Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. "Bohemian Rhapsody" ina dakika 5 na sekunde 55, na inahama kutoka piano hadi kwaya hadi roki nzito. Iweke peke yake, watu wakiwa wameshiba na wametulia. Usiiweke karibu na mtoto aliyelala.

Malizia na kidumbaki. Fidla, vidumbaki viwili (ngoma ndogo), sanduku (besi ya kamba), cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha) vinatosha kuwanyanyua mashangazi na vijana kwa pamoja, na baada yake wimbo wowote mwingine utaonekana baridi.

Kuhusu rusharoho, tunakuomba uwe mwangalifu. Sikiliza maneno yote, tangu mwanzo hadi kibwagizo cha mwisho, kabla hujautia wimbo. Penye mawifi na wake wenza, mpasho mmoja ukipigwa mara tu fulani amekaa chini utachukuliwa kuwa umetumwa, na anayeinuka kucheza akimtazama mtu usoni ameshaanzisha ugomvi. Chagua za mapenzi na za kusifu harusi.

Kupima mapigo, gonga mguu na wimbo kwa sekunde 15, hesabu, kisha zidisha mara nne. Nyimbo mbili zinazofuatana zisipishane zaidi ya mapigo 15 hivi kwa dakika. Saa tatu zinahitaji nyimbo kama 30. Zigawe mafungu mawili, ili adhuhuri muziki uzimwe bila kuukata wimbo katikati.

Linaloharibu zaidi ni sauti kutolingana. Rekodi ya zamani ikiwa chini mtu huongeza spika, halafu ya kisasa inaingia kwa kishindo. Usiipandishe ya zamani, kwani mikwaruzo nayo itapanda. Zishushe za kisasa. Katika programu ya bure ya Audacity, sawazisha zote kwenye LUFS -18 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika). Na spika usiilaze mchangani: iinue mezani, upepo uwe nyuma yake, maana ukiupinga upepo wa bahari, waliokaa mbali hawapati maneno.

SWALI: Flashi yangu ya GB 64 inasomwa na kompyuta lakini si redio ya gari. Nyengine ya GB 16 inasomwa, ila nyimbo hazifuati mpangilio wangu. Kuna dawa?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Flashi kubwa mara nyingi hutoka dukani ikiwa na mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT, na redio nyingi za gari zinataka FAT32. Tumia ya GB 32 au chini yake, ifomati FAT32 (vilivyomo vitafutika, vihamishe kwanza). Huhitaji kubwa: MP3 ya kbps 320 inakula MB 2.4 kwa dakika, saa tatu hazifiki MB 450. Ama mpangilio, redio nyingine hupiga kwa jinsi mafaili yalivyonakiliwa, haziangalii majina. Yape majina yanayoanza 01, 02, 03, kisha yanakili moja baada ya jingine kwenye flashi tupu. Ukija kuongeza wimbo katikati, futa vyote unakili upya.