Mbegu ya chikichi: kwa nini haioti, na kwa nini usiokote chini ya mti

Nimepanda mbegu za chikichi miezi mitatu sasa hamna hata moja iliyotoka, zimeoza? (Ipinda, Kyela)

Hili swali naulizwa kila wiki jamani. Hazijaoza, zimelala. Chukua kokwa moja isugue na mchanga nyuzi zitoke, utaona vitundu vitatu vimekaa pamoja kama macho ya nazi, nyuma ya kimoja ndo kuna kiinitete, kadogo kama milimita 3 hivi, kamelala kwenye kile kiini kigumu cha mafuta ambacho watu wa Kigoma wanaita mise, na mlangoni kuna kizibo. Ukiifukia tu inaweza kukaa mwaka na zaidi. Wazalishaji wa mbegu wanaziweka kwenye joto la nyuzi 39 hadi 40 kwa siku kama 60 mpaka 80, unyevu asilimia 18 hivi, halafu wanaziloweka unyevu upande ndo zinachomoza. Kuziweka juu ya bati juani sio hiyo kazi, zinakauka na kufa.

Nikivunja kokwa si itaota haraka?

Usivunje. Kiini kikichubuka ukungu unakimaliza.

Jirani ana michikichi ya aina ya tenera inazaa kweli, nimeokota mbegu chini ya miti yake, nipande?

Usipande, nakuomba. Tenera ni chotara wa dura mwenye kokwa nene na pisifera asiye na kokwa, watafiti Wabelgiji waliokuwa Kongo walishalieleza hili mwaka 1941. Tenera akizaa na tenera, robo ya watoto inarudi dura, robo pisifera, na pisifera mikungu yake mingi inaoza kabla ya kukomaa. Kwenye miche huwezi kuwatofautisha kwa macho, utapalilia miaka mitatu ndo ujue umelisha miti isiyo na faida. Nimeona mzee wa watu anang'oa michikichi mirefu kuliko yeye, inauma. Na anayekuuzia miche muulize mbegu katoa wapi, akisema kaokota ondoka.

Huku Uyole, Mbeya, chikichi itakubali?

Hapana, baridi. Panda parachichi.

Nimenunua mbegu zilizochomoza, upande gani unaenda chini?

Mzizi una ncha butu ya kahawia, chipukizi ni jeupe limechongoka, mzizi chini. Kama bado hujaweza kutofautisha subiri siku kadhaa, ukigeuza mche unajikunja. Na mche ukishatoa majani usiivute ile kokwa, ndani yake kuna kitu laini cha njano kama joya la nazi iliyoota, ndo kinanyonya chakula cha kwenye mise na kumlisha mtoto miezi mitatu hivi. Baada ya hapo hamishia kiriba kikubwa, shambani peleka ukifika mwaka, mita 9 toka mti hadi mti, kwa pembetatu, wala usibane eti shamba dogo.