Baka jeusi unyayoni: tabibu wa karibu na nyumbani anafunzwa vipi kuitambua saratani ya ngozi?

Dada uliyeuliza, umesema mamako ana baka jeusi kisiginoni tangu mwaka jana, tabibu wa kituo cha afya akamwambia ni sugu na kumpa mafuta ya kupaka, na sasa unataka kujua kama hawa wahudumu wa karibu na nyumbani hufunzwa kutambua saratani ya ngozi. Wenzetu wengine hapa wamekujibu kwamba huo ni ugonjwa wa wazungu. Nami nitakujibu kwa kirefu, kwa kuwa niliwahi kuwa tabibu wa namna hiyo. Si wa mamako, lakini baka kama hilo lililetwa mbele yangu nami nikalipita.

Nina miaka 14 kazini, yote hapa Mombasa, mingi upande wa Kisauni. Chuoni tulisomeshwa ngozi kwa muda mfupi sana: upele, mba, ukurutu, ukoma, tetekuwanga. Saratani ya ngozi ilikuwa picha mbili tatu za migongo ya wazungu. Nikahitimu nikiamini ngozi yetu ina kinga. Kinga ipo kweli, lakini ni kinga ya jua. Melanoma, ile saratani kali inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, kwetu sisi hupenda kuota mahali ambapo jua halifiki: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Bob Marley, ambaye picha yake imejaa kwenye matatu zetu, yake ilionekana kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977, na mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Mgonjwa wangu alikuwa mama karanga, akikaanga samaki jioni kando ya barabara. Alikuja kituoni na hina imekolea miguu yote miwili, maana alikuwa ametoka harusini kwao. "Daktari, hii sugu yanidunga nikisimama," aliniambia. Alipoinua mguu niliona weusi juu ya wekundu wa hina, upana wa sarafu ya shilingi kumi, ukingo wake umesambaa kama wino uliodondokea karatasi iliyolowa. Nilichukua wembe nikaparua ile ngozi ngumu. Damu ilitoka zaidi ya vile sugu hutoa, nami niliiona. Nikafunga bandeji, nikamwandikia antibiotiki. Akarudi, nikafanya yale yale. Mara ya tatu alikuja akichechemea, na sasa shida haikuwa kisigino tena. Alikuwa na mtoki kwenye kinena, mgumu kama kungu.

Hospitali ya rufaa walikata kipande, wakakipima, jibu likawa melanoma iliyokwisha kuingia kwenye matezi. Hakumaliza miaka miwili. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jina la ugonjwa nilikuwa nalo tangu chuoni. Nilichokosa ni macho yaliyowahi kuuona kwenye unyayo wa mtu mweusi. Ndiyo maana swali lako naona ni la haki kabisa, na jibu langu ni kwamba hufunzwa kidogo mno, tena hufunzwa vibaya.

Mimi nilisaidiwa na daktari mmoja wa ngozi aliyekubali nikae pembeni ya meza yake kila Jumanne kwa miezi kadhaa. Siku ya kwanza hakunifundisha ugonjwa wowote. Alinifundisha kumwambia mgonjwa avue viatu na soksi, miguu yote miwili, alale kitandani, nami nikae kwenye kigoda ili macho yangu yawe usawa wa nyayo. Tutazame katikati ya vidole, kisha viganja, kucha, ndani ya mdomo, na kovu lolote la zamani. Mgonjwa wetu huja na kikohozi akaondoka na viatu miguuni, sisi tukiwa na foleni ndefu mlangoni. Unyayo hauonekani kwa bahati, ni lazima uombwe.

Pili alinifundisha kuuliza habari za hina. Hili halimo katika kitabu chochote nilichosomeshwa, na kwa mji huu ni jambo kubwa. Hina kwenye ngozi ya mkono hupauka baada ya wiki mbili tatu, lakini kwenye unyayo mnene hukaa zaidi, na kwenye kucha hukaa mpaka kucha iote na kukatwa. Mstari mweusi chini ya kucha unaweza kuzikwa humo miezi mingi. Sasa kila mama anayekuja kwangu kabla ya msimu wa harusi humwomba nitazame kwanza, ndipo akapake.

Kisha akanipa dematoskopu, kidude cha mkononi chenye lenzi na taa. Kabla ya kuniruhusu kukitumia alinichovya dole gumba kwenye wino, nikabonyeza karatasini, akaniambia niitazame ile alama mpaka nijue tuta ni lipi na mfereji ni upi. Ngozi ya unyayo imepangwa vivyo hivyo. Ukiweka lenzi utaona vidoto vyeupe vilivyopangana kama shanga: hivyo ni vitundu vya jasho, na siku zote hukaa juu ya tuta. Rangi ikiwa imelala ndani ya mifereji, mara nyingi ni baka salama. Ikiwa imepanda juu ya matuta, shtuka. Wajapani wamelichunguza sana jambo hili, kwa kuwa kwao pia melanoma nyingi hutokea nyayoni. Na hapo hina inarudi kutusumbua, maana nayo hushika juu ya matuta, kwa hiyo inaweza kuficha ugonjwa na inaweza pia kuuigiza. Bila kumuuliza mgonjwa utapotea.

Kwenye kucha, mstari mweusi mwembamba kwenye vidole vingi ni kawaida kwetu watu weusi. Wa kidole kimoja, unaopanuka, au uliovuka kucha na kutia weusi kwenye ngozi ya pembeni, huo haungojewi.

Melanoma si peke yake. Ninayokutana nayo zaidi ni saratani ya kwenye kidonda cha miaka mingi: mtu aliungua moto utotoni, kovu likachanika ukubwani, likawa donda lisilofunga, na kila mtu nyumbani akalizoea na kuliita donda ndugu. Marjolin, daktari wa Ufaransa, alieleza vidonda vinavyoota kwenye makovu ya namna hii tangu mwaka 1828. Ukingo ukiinuka na kuwa mgumu, likinuka kuliko zamani, likitoa damu kwa kuguswa tu, kubadilisha bandeji hakutoshi. Kipande kikatwe, na kikatwe ukingoni, sehemu zaidi ya moja. Ukichota katikati utapeleka maabara nyama iliyooza na jibu litakuja kwamba hakuna kitu.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ile hadithi ya jua ni kweli tupu. Kwao tunatazama masikio, mdomo wa chini, shingo, na kila gamba linalokwaruza kidole. Tunaligusa, hatulitazami tu. Na kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi kuna Kaposi, saratani inayojitokeza kama mabaka ya zambarau au meusi miguuni, na mara nyingi kwenye kaakaa. Ukimwambia mgonjwa afungue mdomo unaweza kuokoa miezi.

Sasa kuhusu mafunzo yenyewe, hapa nina uchungu. Semina nyingi nilizohudhuria ni za siku moja hotelini: projekta, pilau, cheti, kwaheri. Picha mia zinapita mbele yako na kesho yake hukumbuki hata moja. Jicho linafunzwa kwa kurudia, na zaidi ya yote kwa kupata jibu. Mimi nikimpeleka mgonjwa rufaa halafu nisijue aligunduliwa nini, nimejifunza nini? Yule daktari wangu wa Jumanne alinirudishia kila jibu la maabara, hata nilipokuwa nimekosea, na hasa nilipokuwa nimekosea. Huo ndio mpango ninaoutamani kwa kila zahanati kuanzia Likoni mpaka Mtwapa: tabibu apige picha kwa idhini ya mgonjwa, aandike anachokidhania, na jibu limrudie.

Shule zipo. Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kikanda kinachosomesha matabibu magonjwa ya ngozi kwa miaka 2, na wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika. Moi University ilianza kusomesha madaktari wa familia mwaka 2005. Lakini wengi wetu hatutafika huko, na mamako hatungoji sisi tufike.

Haraka yangu ni hii: melanoma hupimwa kwa kina chake kwenye ngozi, kwa milimita, kipimo alichokieleza Breslow, daktari wa Marekani, mwaka 1970. Ikiwa haijapita milimita 1, wengi hupona kwa kukatwa tu. Kila ziara ya wembe na mafuta inaiacha izame.

Kwa hiyo, dada, fanya hivi wiki hii. Mwoshe mama mguu, piga picha mchana karibu na dirisha, weka sarafu pembeni ya baka ili ukubwa uonekane. Mpapase kinena cha upande huo. Asiparuliwe tena. Muulize lini alipaka hina mara ya mwisho, uiandike tarehe. Nendeni rufaa kwenye kliniki ya ngozi au ya upasuaji, na useme kwa maneno haya: "Baka hili lina zaidi ya mwaka, naomba kipande kikatwe kipimwe." Likiwa dogo walitoe lote kwa mara moja. Hakikisha kipande kimetiwa kwenye chupa ya fomalini, yaani dawa ya kukihifadhi kisioze, chupa ina jina la mama, na uulize majibu yanachukuliwa wapi na lini, kwa sababu nimeona vipande vikipotea njiani.

Wakikataa kukata, waombe waandike sababu kwenye kadi, kisha uje hapa unieleze wamesema nini. Niko kila usiku baada ya Isha.