Shemeji Alipoomba Zabuni

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa afisa ugavi katika halmashauri moja ya wilaya nchini Tanzania, niliteuliwa kuingia katika kamati ya tathmini ya zabuni ya shajala: karatasi za A4, mafaili na wino wa mashine za kuchapia. Miongoni mwa waombaji alikuwamo mume wa dada yangu. Nilimdokeza mkuu wangu wa kitengo tulipokutana koridoni, naye akacheka, akasema ananifahamu vizuri, nami nikaendelea na kazi. Nikasaini fomu ya maadili ambayo kila mjumbe husaini kuthibitisha kwamba hana maslahi katika zabuni husika, nikatoa alama kwa haki, na shemeji akashinda kwa sababu bei yake ndiyo iliyokuwa ya chini kuliko zote.

Mzabuni mmoja aliyeshindwa alipolalamika, mkuu wangu alikuwa ameshahamishwa. Mkaguzi wa ndani hakuhangaika na alama nilizotoa. Aliweka ile fomu mezani, akagusa saini yangu kwa kidole, akauliza undugu wetu. Maneno ya koridoni hayana faili. Nilipewa barua ya onyo, na kusema kweli niliistahili.

Ndiyo maana nawashauri wenzangu watamke maslahi yao kwa maandishi mara tu wanapoliona jina, kwa kuwa tamko linalotolewa baada ya matokeo kujulikana husomeka kama utetezi. Shemeji alipoomba tena mwaka uliofuata, barua yangu haikuzidi mistari minne: namba ya zabuni, jina la biashara, uhusiano wetu, na ombi la kuondolewa katika kamati. Sikuongeza kwamba hata hivyo ningetenda haki, maana sentensi hiyo humpa bosi sababu ya kukubakiza. Niliipeleka masijala, na nakala yangu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ninayo hadi leo.

Siku hizi zabuni za umma hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023, lakini mfumo haujui nani kamwoa nani. Na kwetu undugu hauna mpaka, hivyo nimejiwekea kipimo changu: ikiwa mtu huyo anaweza kunidai majibu katika kikao cha ukoo, namtamka. Anayenidai fedha yumo pia, sawa na mwenzangu wa kikoba aliyenidhamini mkopo, ingawa hawa wawili watu wengi huwasahau.

Sehemu ngumu ni nyumbani. Jioni ile nilipojitoa, shemeji alinipigia simu akitaka kujua ni kina nani waliobaki katika kamati. Nilimjibu, kwa adabu zote, kwamba simu hiyo nayo ingenilazimu kuiandikia barua. Alikata. Sikukuu ya Idi iliyofuata dada alikuja kwetu na watoto, bila yeye.