Kwa mnaoanza potifolio ya picha, yaani mkusanyiko wa kazi zenu za kuonyesha watu: rudini palepale

Wadogo zangu wa mwaka wa pili, kazi zenu nimeziangalia zote na uvumilivu umeniishia, ila nawapenda ndo maana nasema. Kila mtu kaleta jua la ufukwe wa Coco, mzee mwenye makunyanzi, Mmasai na simu, mtoto anaruka dimbwi. Mojamoja nzuri kabisa, nikizipanga mezani sijui nani kapiga ipi.

1. Chagueni mradi wa sehemu mnayofika kwa nauli ya daladala, mrudi tena na tena. J.D. 'Okhai Ojeikere wa Nigeria alianza 1968 kupiga mitindo ya nywele za wanawake, akakomaa nayo miaka na miaka mpaka zikakaribia picha elfu moja, nyingi kisogo tu. Kisogo jamani!

2. Priseti, yale marekebisho ya rangi yaliyopangwa tayari unayabandika tu kwenye picha. Hapa nikae kidogo maana bado inaniuma. Nilikuwa napiga wakaanga samaki pale Feri, soko la samaki la Dar, moshi wa kuni unapanda, nyuma yao maji yanawaka jua la saa sita, kamera inapima ule mwanga wa nyuma na uso unaingia giza, na mimi badala ya kuongeza ekspoja, yaani mwanga unaoingia kwenye picha, palepale nikasema nitanyanyua vivuli kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, alafu nikapachika na priseti ya mtandaoni ya ngozi nyororo. Nikaprinti, nikampelekea mama mmoja aliyeshanizoea, ananiita mwanangu, ananiwekea kichwa cha changu. Akafuta mikono kwenye khanga, akaishika kwa pembeni isiingie mafuta, akaiangalia weee, akampa jirani yake: "Hebu niambie huyu nani? Mbona kanipaka unga?" Hakunigombeza. Ila toka siku hiyo nikiinua kamera anageukia karai, na wenzake vilevile, mradi ukafia hapo. Alinipa nafasi jikoni kwake nikamfuta rangi yake. Pimeni mwanga usoni kwa mtu, nyuma kukiungua kukawa kweupe kuungue. Na nyuso za kijivu nimeziona tena kwenye kazi zenu, tena za watu waliowaamini, zirudieni zote kutoka kwenye RAW, lile faili ghafi la kamera.

3. Pelekeni printi kwa wenyewe, na mapema, msingoje mradi uishe.

4. Badilisheni saa. Mnada wa alfajiri na Feri ya saa tisa mchana, wakati waparaji wanaosha meza, ni sehemu mbili tofauti. Mkianza kuchoka na sehemu msihame, ulizeni nani hamjawahi kumpiga hapo.

5. Picha 15 mpaka 20 zinatosha. Achague mwenzio, maana wewe unaing'ang'ania ile uliyolowa mvua ukiipiga na anayeangalia mvua yako haimhusu.

6. Kepsheni usiku uleule: jina, mahali, tarehe, namba ya mhusika. Bekapu sehemu mbili.

Mwenye mradi tayari aje na printi ndogondogo, za bei rahisi tu, tuzitandaze sakafuni tuzihamishehamishe. Msiniletee simu.